Mkalimani Asiyevuka Mto

Mtu huyu aliwavusha watu bahari za moto, akawapandisha milima ya barafu, akawapitisha katikati ya meno ya joka wakatoka wazima. Mwenyewe, mto wa Pangani miaka yote hakuuvuka. Mto huu huu. Kivuko kinang'oa nanga hapa, na kahawa yako haijapoa kimeshafika Bweni. Mbuzi wanavuka, magodoro yanavuka, mabibi harusi wanavuka na mapambo yao. Yeye hakuvuka. Na ng'ambo ya pili, huko Ushongo, alikuwako mama yake mzazi, mzima, ambaye siku kijana wake alipoondoka nyumbani hakumpa radhi.

Nalisema hili mwanzo ili asije mtu akadhani naandika habari za sinema. Sinema sizijui. Naandika habari za mtu niliyekaa naye ukuta kwa ukuta mpaka nywele zetu zikabadilika rangi.

Tulimwita Mkalimani, na mie nitamwita hivyo hivyo. Jina lake analo, alipewa na wazee wake, si langu kulitandaza. Kazi yake ilikuwa katika banda la video pale jirani na soko. Picha zenyewe zinasema Kizungu, au Kichina, au lugha nyingine ambayo hata wenyewe sijui kama wanaelewana. Yeye anakaa pembeni ya kioo na kipaza sauti, anawapunguza wale sauti, halafu anawasemea wote kwa Kiswahili. Mfalme yeye, mtumwa yeye, binti yeye, farasi yeye. Hata upepo niliwahi kumsikia akiusemea.

Mie nakaanga mihogo. Mahali pangu ni ubavuni mwa lile banda, na kati yangu na yeye palikuwa na ukuta wa makuti tu. Ndani sikuingia. Kwanza sikuona maana ya mwanamke wa umri wangu kwenda kubanana gizani na vijana wanaonuka jasho. Pili, mafuta yakiwa motoni huyaachi. Lakini makuti hayazuii sauti, na mie sikuziba masikio. Basi kila baada ya alasiri, nikimenya, nikikaanga, nikisaga chachandu ya kuchovyea, nilikuwa nasafiri na watu nisiowaona. Picha niliziweka mwenyewe. Joka nililifanya kenge, ila mkubwa. Kasri nililifanya boma la Wajerumani, ila zima.

Alikuwa mwembamba, mrefu, na kifua ambacho ukikitazama hukidhanii. Kabla ya kuanza kazi alitafuna tangawizi mbichi, akavua viatu, akaviweka mlangoni vikitazama nje. Akiulizwa husema, "Safari haianzwi na viatu vya watu." Hivyo viatu vilikuwa vyake. Sijui alikuwa anasema nini, na sikumuuliza, maana mtu anayetafuna tangawizi mbichi ana haki ya kuwa na lake moja la ajabu.

Sinema za bunduki hakuzitaka. Za mapenzi alizifanya kwa shida, anaharakisha kama anayesoma bili ya maji. Zake yeye zilikuwa za safari. Kijana anatoka kijijini kwao, anatumwa kitu mbali, upanga, au jiwe, au dawa ya mfalme, anapita misitu na majini, anapigwa, anaanguka, anasimama. Hapo ndipo alipokuwa mwenyewe. Na hapo ndipo alipoongeza yake.

Kijana akimkuta mzee njiani, humwamkia, "Shikamoo babu." Mzee hujibu, "Marahaba, mjukuu wangu, watoka wapi na jua hili?" Joka lenyewe hupigiwa hodi pangoni. Siku moja yule kijana alifika kwenye lango la nchi ya waovu, walinzi wana mapembe, wameshika mikuki, na Mkalimani akawasemea: "Simama hapo! Kitambulisho! Hii unadhani mpaka wa Horohoro, utapita porini na madumu yako ya mafuta ya kula? Fungua begi!" Banda lilicheka mpaka makuti yakanimwagikia vumbi kwenye karai. Nikapiga ukuta na mwiko.

"Mkalimani! Mwaniharibia mihogo!"

Akanijibu kwa kipaza sauti, mbele ya watu wote: "Mkuu wa lango, kuna bibi nje ana mwiko. Mpisheni kijana, huyo bibi hatumuwezi."

Wakacheka tena. Mie sikucheka. Baadaye, nyumbani, nilicheka.

Lakini lililokuwa lake hasa ni radhi. Hakuna shujaa aliyetoka katika mdomo wa Mkalimani bila kumuaga mama yake. Hata awe na haraka gani, hata nyumba iwe inawaka, yule kijana angesimama aseme, "Mama, nakwenda. Nipe radhi zako." Na mama angemjibu, siku zote kwa sauti moja, nzito, inayoanza na "haya" kama mtu anayejitua mzigo: "Haya. Nenda, mwanangu. Radhi zangu ziko mbele yako na nyuma yako. Urudi." Watoto wa mtaa mzima waliijua. Mtoto wa jirani yangu akitumwa chumvi dukani humwambia mama yake hivyo, na asipojibiwa haendi.

Sasa, sinema nyingine hazina mama. Mama haonekani. Hilo halikumshinda. Akikosa mama alimpa maneno yale shangazi. Akikosa shangazi, kibibi yeyote anayepita na kikapu. Kuna siku alikosa mwanamke kabisa, wote ni askari na farasi, akampa farasi. Farasi jike, alisema.

Na kuna siku ya ule mzozo. Kwenye kioo, kama nilivyohadithiwa baadaye, alikuwa bibi kizee kisimani, ananyanyua fimbo, anapiga makelele. Mkalimani akamsemea taratibu, "Haya. Nenda, mwanangu..." Kulikuwa na kijana wa sekondari amekuja likizo kutoka Muheza, akasimama.

"Anko, huyo mchawi! Anamlaani! Amesema atakufa njiani!"

"Kaa chini."

"Anko, mie nasikia Kizungu. Anamlaani, wallahi."

"Na fimbo je?" mwingine akadakia. "Mkalimani, kama anampa radhi mbona anataka kumtwanga?"

Kisha nikamsikia: "Ni uchungu wa kuagana. Nyinyi mama zenu wakiwaaga hawanyanyui fimbo?"

"Wa kwangu hunyanyua pawa la mchuzi!" mmoja akasema, na mambo yakaishia katika kicheko. Lakini yule kijana alikuwa na haki. Bibi kizee alilaani. Nilijua kwa makelele yake, maana laana haihitaji kusomewa. Na mie uongo siupendi, hata uliopakwa asali. Alipotoka kuja kununua muhogo, nikamkalia kooni.

"Unawadanganya watu."

"Shikamoo kwanza, Bi Mihogo."

"Marahaba. Unawadanganya watu."

Akachukua kipande, akakichovya. "Hii chachandu umetia nini?"

"Nazi, embe mbichi, pilipili, chumvi. Wajua."

"Na huu muhogo ulipotoka shamba ulikuwa na embe?"

"Haukuwa."

"Basi."

"Basi nini? Muhogo haujasimama mbele za watu ukasema hivi ndivyo nilivyozaliwa. Wewe wasema, 'Amesema hivi.' Hakusema."

Alikula, akafuta vidole, akaenda zake. Kesho yake bibi mwingine wa kwenye kioo alitoa radhi kama kawaida.

Ajabu ni kwamba nje ya lile banda hakuwa mwongo hata kidogo. Ukimuuliza kama kanzu yako imekupendeza, atakwambia inavuta mabegani. Akipewa chenji zaidi humfuata mtu mpaka kwao. Alikuwa na maneno yake aliyopenda kuyarudia. "Shujaa asiye na pa kurudi ni mtoro." Hilo alilisema mwisho wa kila safari, na wala hakuruhusu shujaa wake afie ugenini. Akifa kwenye kioo, Mkalimani husema amezimia, kisha hueleza, kioo kimeshazimwa na watu wanatafuta ndala zao, jinsi alivyoamka akafika kwao jioni wakati mama yake anapakua wali. Siku moja nilimuuliza, "Na wewe pako pa kurudi ni wapi?" Akasema, "Mie? Mie natoka mbali." Watu walidhani Mombasa, maana ndiko alikojifunza ile kazi. Wengine walisema Pemba. Mtu anayewajua majini vile, walisema, lazima Pemba.

Aliogopa mabata. Hilo nalo niliseme. Aliyewaamrisha majitu ya jicho moja alikuwa akiona bata wa jirani, yeye ndiye anayevuka barabara.

Aliyenifumbulia mambo ni Mwanaidi, mwanamke wa Ushongo anayeniletea nazi. Alikuwa akija asubuhi, na asubuhi hakuna video. Siku moja kivuko kiliharibika, akafika alasiri. Ametua gunia, anajipepea na ncha ya leso, mara Mkalimani akaanza ndani. Mwanaidi akaacha kujipepea.

"Sauti hii naijua."

"Nani haijui? Sidii zake zinauzwa mpaka Horohoro."

"La, sidii mie sizisikilizi, naijua ya zamani. Huyu ndiye aliyekuwa akitusomea Maulidi utotoni. Huyu mtoto wa Bi Mwalimu! Kumbe yuko hapa? Mto huu tu?"

Akanieleza. Mama yake alikuwa mwalimu wa chuo pale Ushongo, amefundisha Kurani watoto wa kijiji kizima, na mtoto wake huyu alimpa sauti kwa mkono wake mwenyewe, herufi kwa herufi. Watu walikuwa wakitoka vijiji vingine kumsikiliza akisoma. Kisha kijana akaona video kwa mara ya kwanza, akaona mtu anavyowasemea wale wa kwenye kioo, akili yote ikahama. Akamwambia mama yake anakwenda Mombasa kujifunza. Mama akamjibu: "Sauti niliyoilea kwa aya unakwenda kuwapa mapicha. Njia ile pale. Radhi sikupi." Akaenda bila radhi. Aliporudi alifika Pangani, akafika ukingoni, akaona ng'ambo. Akabaki upande huu.

"Na mama anasemaje sasa?" nikauliza.

"Anasema, 'Njia anaijua.'"

Nilipomkabili Mkalimani hakukana. Alisema, "Sijaitwa." Basi hapo ndipo walipokaa, mama anasema njia anaijua, mwana anasema hajaitwa, na mto unapita katikati na taka zake. Mwanaidi alizidi kwenda na kurudi. Kila nilipomuuliza Mkalimani kama amekwishapanda kivuko aliniambia wiki ijayo. Mie yule mama nilimwelewa, nisiseme uongo. Na mie ni mgumu. Neno likinitoka silimezi. Ila nilijua pia kwamba mtu akifa nalo, linabaki shingoni kwa aliye hai.

Kisha koo likaanza. Kwanza mikwaruzo, watu wakasema baridi. Tangawizi ikaongezeka. Sauti ya joka ikabaki nzuri, ya binti ikakatika. Mwisho akaenda hospitali Tanga mjini, wakamkata kilichoota kooni, Mwenyezi Mungu akamwachia uhai na sauti akaichukua. Alirudi na pumzi tu. Ukimsogelea karibu sana unasikia kama mtu anayepuliza moto wa vifuu.

Banda liliendelea siku chache, sinema zikisema zenyewe Kizungu chao. Watu wakapungua. Kila mmoja ana simu yake sasa, wakatawanyika nazo. Mjukuu wangu wa kike, aliyeona nimekaa kimya na mwiko, akaniambia, "Bibi, njoo nikuonyeshe ile ya kijana na upanga, uliyokuwa ukiipenda." Akaniwekea kwenye simu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuona. Kijana anatoka nyumbani. Hakuna mama. Mlango uko wazi, moshi unatoka paani, naye anapita, anashika njia, hageuki. Hasemi neno lolote.

"Mama yake yuko wapi?" nikamuuliza mjukuu.

"Hana, bibi. Humu hayumo."

Nikamrudishia simu yake. Nikajitanda nikaenda kwa Mkalimani.

Nilimkuta amekaa kizingitini, viatu pembeni. Nikamwambia, "Mwanaidi anasema mama yako macho yamekwisha, mtoto wa jicho, haoni. Na mwezi huu kifua kinambana, haamki ila kwa kushikwa. Kesho tunavuka."

Akatikisa kichwa. Nikainama nimsikie. "Nilikuwa na maneno," akapuliza. "Miaka yote nilikuwa nayo. Sasa nitamwambia kwa sauti gani? Haoni, na mie sisikiki. Nitakuwa kama sikuja."

Nikaona hilo lina ukweli, na ukweli wenyewe ulinitia hasira. "Wewe umewasemea farasi," nikamwambia. "Hukosi wa kukusemea. Nitakwenda mie."

Asubuhi tulifika kwenye kivuko. Watu wakateremka, watu wakapanda, pikipiki, wauza samaki, mwalimu mmoja na baiskeli. Mkalimani akasimama mwanzo wa mteremko. Kivuko kikajaa kikaondoka. Kikaenda, kikarudi. Amesimama.

"Joka gani hili?" nikamuuliza. "Hebu litazame. Chuma kilichoshika kutu, kinavusha mbuzi. Mbuzi, Mkalimani!"

Akatazama wale mbuzi. Kisha akainama, akavua viatu, akavishika mkononi, akateremka peku. Nikamfuata. Maji yalikuwa mepesi siku ile na hayakuchukua muda. Alishika ukingo wa chuma mpaka Bweni. Ng'ambo tukachukua bajaji, tukala vumbi mpaka Ushongo.

Mwanaidi alikuwa ametangulia kumwambia mama kwamba atapata wageni, hakusema nani. Bi Mwalimu alikuwa barazani, ameegemezwa mto mgongoni, anasuka ukili wa mkeka kwa vidole tu, bila macho. Nikapiga hodi.

"Haya," akasema. "Karibuni."

Nikasimama pale pale. Sauti ile niliijua. Nzito, inaanza na "haya" kama mtu anayejitua mzigo. Ndiyo iliyokuwa ikinijia kupitia makuti kila alasiri, sauti ya mama wote, ya shangazi na ya farasi, ya mchawi kisimani. Mwanamke huyu sikuwahi kumtia machoni, na nilikuwa nimekaa naye ukuta kwa ukuta kama nilivyokaa na mwanawe.

Mkalimani alikuwa ameshapiga magoti. Alishika miguu yake. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga tangu kwenye kivuko, nikafungua mdomo: "Dada, huyu niliyekuja naye..."

"Mwache," akasema. Ameacha ukili. Mkono wake ulikuwa kichwani kwa mwanawe, unapita kwenye masikio, kwenye taya, ukafika kooni, ukakuta lile kovu. Ukakaa hapo.

Mkalimani akasema. Niliona midomo inakwenda. Pumzi tu ilitoka, na upepo wa pwani una pumzi kubwa kuliko yake. Mama akainamisha sikio, akangoja, akainamisha zaidi. Hakupata kitu. Nikasogea nimsemee, akanyanyua kidole kunizuia.

"Hapo jirani wana sidii," akasema, sijui anamwambia nani, mie au mwanawe. "Ukuta mmoja. Kila jioni huwekwa. Kila mtoto aliyetoka kwao ananiomba mie. 'Mama, nakwenda. Nipe radhi zako.' Mwanzo nilikasirika. Nikasema ona, ananisemea maneno nisiyoyasema. Halafu nikaanza kungojea. Akiomba, namjibu hapa hapa nilipokaa, kabla yule wa kwenye sidii hajajibu."

Nikamuuliza, maana sikuweza kunyamaza: "Mbona hukumtumia mtu?"

"Na wewe umezaa?"

"Nimezaa."

"Basi usiniulize."

Akakishika kichwa kwa mikono yote miwili. Akajikohoza. Akasema polepole, kama mtoto anayemsomea mwalimu wake: "Haya. Nenda, mwanangu. Radhi zangu ziko mbele yako na nyuma yako. Urudi." Kisha akauliza, "Ndivyo yanavyokwenda? Sikukosea?"

Mkalimani hakujibu. Hata pumzi haikutoka. Uso wake ulikuwa magotini pa mama yake na mabega yanatikisika, na mama hana macho ya kuona. Alikuwa akingoja jibu, uso umeelekea upande wangu.

"Anasema hukukosea," nikamwambia. "Anasema hata neno moja."

Hakuwa amesema kitu.